Wavu wa Meli Fupi

Neema mjukuu wangu,

Jambo sana huko Toulouse. Sisi tuko, Mungu ni mwema. Goti la mama yako limepona. Jana alitembea mwenyewe hadi barabara ya chaussée de Wavre kununua sombe, majani yetu ya muhogo.

Unaniuliza kama uikubali ile kazi ya droni za silaha zinazoruka kutoka kwenye meli. Bon. Miaka ya tisini, nilipotoka Kivu, nilishona nyavu kwenye atelier moja, karakana ya kushona, huku Auderghem. Meli fupi haina nafasi ya ndege kutua, donc ndege isiyo na rubani ilinaswa kwa wavu. Injinia akatuagiza tuushone upya, unene mara mbili. Vidole viliniuma, nikamwuliza, "Monsieur, si ndege yenyewe ni nyepesi?"

"Kesho itabeba bomu, madame. Anayeiongoza akijua wavu hauwezi kuipokea na bomu lake, atatafuta pa kuliangusha."

Nikakumbuka kwetu, tulivyokuwa tunanyamaza tukisikia ndege juu ya paa. Nikashona bila kulalamika tena.

Sikukatazi, mwanangu, wala sikutumi. Ila kabla hujawauliza droni yao inarukaje, waulize kama inaweza kurudi na bomu lake.

Bibi yako,
Vumilia