Yulan Alisifiwa Kiingereza Chake

Suyin, uko wapi? Yulan ameharibu kila kitu. Yulan wetu.

Yule mkaguzi wa wanunuzi wa viatu, aliyetoka ng'ambo, amefika leo. Akasimama kwenye meza za gundi hapa kiwandani, mbele ya Yulan kabisa. Yulan akamwamkia kwa Kiingereza. Mgeni akatabasamu: "Unaongea vizuri sana."

Unajua alijibu nini?

"Hapana, hapana. Kiingereza changu kibovu kabisa."

Kibovu. Mtu aliyejifunza miaka yote hii ili amwambie mgeni kama huyu kwamba madirisha yamepigiliwa misumari na wanawake wanazimia kwa harufu ya gundi.

Alikuwa anangoja asifiwe mara ya pili, kama tulivyolelewa sote kukataa sifa ya kwanza, ndipo aanze. Mgeni yeye akaamini. Akasema kwa upole, "Basi nisikusumbue," akamwita mkalimani wa bosi.

Mkalimani akasema kina dada wana raha. Mgeni akauliza, na madirisha? Yanatengenezwa. Yanatengenezwa tangu mwenzetu Lihua aanguke kwa harufu ile, na mpaka leo hajaamka. Wakubwa wamesahau, mimi sijasahau.

Bosi alipompita Yulan akamnong'oneza: "Umelelewa vizuri, binti."

Nimemuuliza, kwa nini hukumrudisha yule mtu? Kibovu, Yulan? Ananiambia, "Dada, ningejisifuje mbele ya watu?"

Sasa amekaa kwenye ngazi anayasema yote, madirisha, harufu, Lihua, kwa Kiingereza kilichonyooka. Gari la mgeni limeshatoka getini.