Nilisema Sikuona

Mama Mshauri, kamwene. Naomba unisome mpaka mwisho ndipo uniseme, kwa sababu nimebeba jambo ambalo nimeshindwa kulitua hata kwenye kitubio, na hapa Makambako sina wa kumwambia, kila ninayemfahamu linamgusa kwa njia moja au nyingine.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, Mkatoliki, katibu wa akina mama wa parokia yetu, na kazi yangu ni kuchambua parachichi kwenye ghala la kufungashia la tajiri mmoja, na mume wangu Yusto ni dereva wa lori la tajiri huyohuyo, Mzee Elius, ambaye ni mjumbe wa halmashauri ya parokia na bati za ukumbi wetu ni yeye aliyezitoa. Tangu msimu uanze alituwekea utaratibu kwamba jioni wanawake tukitoka tunapanga mstari getini tunapekuliwa na mlinzi mwanaume, anatupapasa kiunoni na kifuani eti anatafuta parachichi, na wanaume wabeba kreti wanapita bila kuguswa, nasi tulinung'unika mwanzoni halafu tukazoea, maana binadamu anazoea hata yasiyozoeleka.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne aliyekuwa mbele yangu ni Zita, mjane aliyetoka Makete, anasali kwa Walutheri, mwanamke ambaye hata salamu anaitoa taratibu. Mlinzi alimpapasa akahisi kitu chini ya sketi, akamwambia, "Toa ulichoficha." Zita akajibu kwa sauti ya chini, "Kaka, si parachichi. Niko kwenye siku zangu." Mlinzi akasema wote huwa mnasema hivyo, akamwamuru avue sketi palepale, na Mzee Elius alikuwa amesimama kando ya gari lake, tukamtazama tukidhani atakataza, akasema, "Kama hana kosa anaogopa nini? Avue." Zita akavua, mbele ya wanawake thelathini na wabeba kreti, na kilichoonekana ni kitambaa chake na damu yake, na kuna waliocheka. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake, nina kitenge begani, na sikukitoa. Aliyetoka mwisho wa mstari akaja kumfunika ni Hilda, mama wa Kianglikana ambaye magoti yanamsumbua, mlinzi akamfokea arudi nafasi yake na yeye hakurudi, akamshika Zita mkono wakatoka wote getini.

Kesho yake Zita hakuja kazini. Mchungaji wake, Nikodemo, alipopata habari akaenda kwa Paroko wetu na kwa kasisi wa Waanglikana, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe hapa nikaona makanisa matatu yanakaa pamoja kwa jambo lisilo msiba wala tamasha la kwaya, ikaundwa kamati ya watu kumi na wawili, nami nikawekwa kwa ajili ya ukatibu wangu, ikaandikwa barua moja ya makanisa yote kwamba upekuzi ule ukome, tajiri aombe radhi palepale getini mbele ya waliokuwepo, na suala lifikishwe kwa Afisa Kazi Njombe. Nilijivunia, Mama, nilitembea kichwa juu, mpaka siku ya kutia saini.

Siku hiyo mwenyekiti wa halmashauri yetu alisimama akasema, "Jamani, aliyetenda ni muumini wetu, aliyetendewa ni wa Walutheri. Kila kanisa limalizane na mtu wake." Mchungaji Nikodemo akamuuliza, "Mwenyekiti, kwani huyu mama alivuliwa sketi ya Kilutheri?" Mwenyekiti akasema basi tupate shahidi, tusije tukamchafua mtu bure, na Hilda hakuwepo, alikuwa amekwenda Ludewa kumuuguza dada yake, kwa hiyo macho yote yakanigeukia. Mchungaji akaniuliza kwa upole, "Mama Stella, wewe unafanya kazi pale. Uliona?"

Nikasema, "Hapana, Mchungaji. Nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu."

Zita alikuwa amekaa nyuma kabisa, ananisikia. Wa kwetu wakakataa kusaini, Waanglikana wakasema watasubiri, barua ikabaki mezani na saini za Walutheri peke yao. Nilipotoka nje Zita alinifuata, akaniambia bila hasira yoyote, "Mama Stella, siku ile ulivaa mabuti ya mvua. Hayana kamba." Akaenda zake.

Tangu hapo nataka kusema ukweli. Yusto ananiambia, "Ukifungua mdomo, kesho yake mimi nashushwa kwenye lori, na Stella yuko kidato cha nne." Paroko nilipomgusia alisema, "Mama, amani ya parokia nayo ni zawadi ya Mungu, tusiichezee." Kamati itakaa mara ya mwisho Jumamosi ya wiki ijayo, na Yusto anashauri niandike ukweli kwenye karatasi isiyo na jina niipenyeze chini ya mlango wa Mchungaji, nyumba yangu ipone na dhamiri yangu ipone. Je, hiyo haitoshi?

Mama Stella, Makambako

JIBU

Mama Stella, majina yote nimeyabadilisha kabla ya kuchapa, lakini kisa nimekiacha kilivyo, maana nataka kisomwe na kila aliyesimama kwenye mstari ule.

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, sasa nakusema. Haitoshi. Karatasi isiyo na jina itasomwa na mwenyekiti wenu kwa dakika moja, atasema imeandikwa na wenye wivu, na hapo utakuwa umempa tajiri ushindi wa pili. Wewe hukukana gizani. Ulikana mbele ya kamati nzima na mbele ya Zita mwenyewe, kwa jina lako, kwa cheo chako. Pa kurudishia ukweli ni palepale.

Hofu yako naielewa. Mshahara wako na wa mumeo unatoka mkono mmoja, na anayekwambia hilo si kitu hajawahi kupeleka mtoto shule. Sitakudanganya kwamba Yusto hatashushwa kwenye lori. Anaweza kushushwa. Lakini jiulize kitu kingine: Stella wako akimaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea, ataajiriwa wapi hapo mtaani? Atapanga mstari kwenye geti lipi?

Hasira yangu kubwa si kwako. Ni kwa hao wanaume waliokaa kugawana watu kama wanagawana mipaka ya mashamba, huyu wetu, yule wenu. Makambako mtu akifiwa hamuulizani dhehebu. Mlutheri anachota maji, Mkatoliki anasonga ugali, Mwanglikana anachimba kaburi. Inakuwaje aliye hai akivuliwa nguo ndipo mkumbuke vyeti vya ubatizo? Na Paroko wako namwuliza kwa heshima zote: amani hiyo ni ya nani? Zita anayo? Polisi mwenyewe akitaka kumpekua mwanamke hutafuta mwanamke mwenzake. Mtoa bati amepata wapi mamlaka makubwa kuliko ya polisi?

Hata Mchungaji Nikodemo, ambaye swali lake kuhusu ile sketi nimelipenda sana, nina neno naye. Mlimketisha Zita nyuma ya ukumbi mkamjadili, na katika barua yako yote sioni mahali ambapo mtu alimuuliza yeye anataka nini. Heshima mnayoidai getini mngeanza nayo ukumbini.

Sasa fanya hivi. Mumeo mwambie uamuzi wako leo, wala usimwombe ruhusa. Mwambie ili asikie kwako kabla hajasikia kwa tajiri. Akifoka, mwache afoke. Kisha mpigie Hilda simu arudi kabla ya Jumamosi, na uwapitie wenzako wa kwenye mstari mmoja mmoja majumbani kwao, wa makanisa yote, na wasiosali popote pia. Mtu mmoja akisema, anafukuzwa. Wanawake ishirini wakisema katikati ya msimu, parachichi zinaoza kwenye kreti, na tajiri analijua hilo kuliko nyinyi. Hiyo ndiyo kamati ya kweli ya makanisa. Zile saini zitaifuata.

Jumamosi simama wewe wa kwanza, kabla sala ya kufungua haijapoa. Sema maneno mawili tu: nilidanganya, niliona. Usieleze habari za lori wala ada, hawakukuuliza. Baada ya hapo nendeni Njombe kwa Afisa Kazi mkiwa na barua, na Zita akikubali, mumsindikize kwenye Dawati la Jinsia kituo cha polisi, maana aliyofanyiwa si utaratibu wa kazi, ni udhalilishaji. Kanisa lenu likikataa kusaini, nenda na waliosaini. Hutakuwa umelisaliti kanisa lako. Utakuwa umelitangulia.

Lakini kabla ya yote hayo nenda kwa Zita, peke yako, mchana kweupe. Mwambie ulichofanya bila kumtaja mumeo, na umuulize kama anataka jambo hili liendelee, maana mwili ni wake na jina ni lake. Akisema hapana, kamati nzima iheshimu. Asipokufungulia mlango, usikasirike, rudi kesho yake. Na akikufungulia, usianze kulia wewe. Aliyevuliwa nguo ni yeye.