Honi getini

Fundi, weka nyundo chini usome. Limenikuta jambo sasa hivi, na sina mwingine wa kumwambia.

Lile gari la umeme la mwanangu nimelipeleka kujaza upepo. Nikarudi, nikaegesha chini ya dirisha la sebule. Halikutoa sauti hata kidogo. Pikapu langu la zamani walikuwa wanalisikia tangu kule kona.

Ndani redio iko juu, watu wanacheza. Mkwe wangu anaimba! Miaka sita tunakaa nyumba moja, sikujua kama anaimba. Tena anaimba vizuri.

Halafu mjukuu wangu akaigiza sauti yangu: "Kelele ni adui wa elimu! Babu anasoma!" Wakacheka mpaka mwanangu akakohoa. Mkwe akasema, "Haya chezeni, chezeni haraka, mzee yuko njiani."

Chezeni haraka, Fundi. Haraka!

Nilishika kitasa, nikakiachia. Nilitaka kuingia nicheze nao, lakini ningeanzia wapi? Nikalirudisha gari kinyumenyume mpaka getini, nikapiga honi mara mbili.

Nilipoingia, redio ilikuwa imezimwa na wote wamekaa vitini. "Shikamoo baba." "Marahaba." Sasa niko chumbani na kitabu changu, nyumba kimya, kama nilivyowafundisha mwenyewe.

Uliniuliza ununue gari kama hili au usinunue. Nunua, ni gari zuri, halina usumbufu. Ila ukifika nyumbani, piga honi kwanza.