Kuuzwa kwa Kushuka Mto

Jumapili, Kisangani. Mvua imekatika, joto limerudi, na mimi bado nina hasira ya juzi.

Juzi mwalimu wetu wa Kiingereza chuoni alitupatia kipande cha riwaya ili tukitafsiri. Atakayeshinda angekwenda msitu wa Masako kuwa mkalimani wa watafiti wageni. Kazi hiyo niliitaka kuliko kitu chochote mwaka huu. Nilielewa yote ila sentensi moja, mtu analalamika kwamba kaka yake "sold me down the river". Neno kwa neno: aliniuza kwa kushuka mto.

Sasa, kwetu kushuka mto ni kwenda Kinshasa. Papa alipeleka mchele na mawese huko miaka mingi, maana ndiko kwenye bei nzuri. Nikaandika kwamba kaka yake alimuuzia mali yake Kinshasa. Hata nilimshangaa huyo mtu, amesaidiwa bado analia.

Mwalimu alisoma jibu langu mbele ya wote. Watu wakavunjika mbavu. Akasema sisi watoto wa mto tunawaza soko tu, kisha akatoa maana: kumsaliti mtu. Basi. Masako akampa mwingine.

Kukosa nimekosa, sikatai.

Lakini jana nilitafuta mwenyewe chanzo cha msemo huo. Zamani za utumwa huko Amerika, mtumwa aliuzwa akashushwa mtoni hadi mashamba ya pamba yenye mateso zaidi, akaacha mke na watoto. Tuliyekuwa tunamcheka darasani ni mtu aliyeuzwa.

Leo baada ya kula nilimsimulia papa, nikidhani naye atacheka. Hakucheka, akaniambia:

"Donc, nkambo yetu mwanamuke, balimukamata kule Opala, bakakuja kumuuzisha hapa. Sasa bo banacheka nini?"

Nimekulia nyumba hii na sikuwahi kusikia habari za bibi huyo wa kale wa ukoo wetu, aliyekamatwa na kuuzwa utumwani. Jina lake nilipouliza, papa alisema halijulikani. Hilo ndilo limenichoma kuliko kicheko chote.

Masako imekwenda, na inaniuma. Ila kesho nitanyoosha mkono, nimwombe mwalimu aeleze mbele ya wote ni akina nani waliokuwa wakiuzwa. Asipotaka, nitaeleza mimi, na nitaanzia Opala.