Uji wa Aziza Huko Ubeljiji

Baba Aziza,

Anayeandika ni Mariamu, binti wa jirani. Mi nasema tu, unajua shule sikuingia. Nimemkataza kunipambia maneno. Na kama udongo wa Muyinga unakubana, vumilia, ni wewe ulikataa kuzikwa hapa Gitega.

Huku tuko vizuri. Cherehani yako anaitumia mdogo wako Shabani, na anashona kombo kama wewe. Avokado imezaa mpaka matawi yamelalia ukuta.

Nina habari ya zile nchi zako. Kila redio iliposoma wapi watu wanaishi vizuri, na sisi tukatajwa mwisho, ulikuwa unaizima na kususa chakula. "Mama Aziza, sisi ni wa mwisho duniani." Nami nimesimama na sahani. Nikakuambia, "Basi kula, wa mwisho naye iko na njaa." Ukacheka, ukala. Kicheko kile nakikosa.

Sasa hao wapimaji wa maisha ya watu wenyewe wamefika kwetu. Msichana mpole, na tableti yake. Akauliza sakafu ni ya nini, maji tunachota wapi. Halafu akauliza ni nani wanakula chungu kimoja na mimi. Nikataja: Shabani, mkewe, watoto, Mariamu, fundi viatu, Mama Furaha wa Uvira na wanawe siku soko likiwa baya. Akaandika mpaka akachoka. "Bibi, hawa wote wanalala hapa?" Walale wapi? Wanakula, wanaenda kwao. Tukacheka, akafuta, akaanza upya. Na yeye nikampakulia.

Kesho yake Aziza akapiga simu kutoka Ubeljiji. Amejifungua, Baba Aziza. Mtoto wa kike. Anasema hospitali walimshika kama yai, daktari huyu, mashine ile. Nikamkumbuka Yusufu wetu, alivyonifia mgongoni tukitoka Mwakiro kutafuta daktari. Hapo sina ubishi. Redio yako haikusema uongo.

Nikamuuliza, nani amekuja kukuhemba?

Nikasikia anakwangua sufuria.

Si unakumbuka nilipomzaa yeye? Wanawake wa mtaa mzima walikuja kunihemba, huyu na uji, huyu na kuni, huyu na sabuni. Arobaini nzima sikugusa ndoo. Dada yako alilala miguuni pangu, akikoroma, Mungu amrehemu. Aziza akasema, "Mama, huku kila mtu iko kazini. Uji nimekoroga mwenyewe, ukaungua." Akalia. Mtoto wangu, katika nchi wanayoitaja juu kabisa, analilia sufuria.

Unajua alivyoniita tangu ulipokufa. Visa imetoka, tiketi iko tayari, mi ndiye nakataa. Niliogopa kufia kule, nikazikwa na watu nisiowajua na wewe umebaki peke yako Muyinga. Hata sasa naogopa, nisikudanganye. Lakini huyu ni mzazi, na hajahembwa. Nimemwambia nakuja.

Ijumaa nitapita hapo kukuombea dua, halafu naondoka. Nabeba unga wa ulezi, na kitenge cha kumfunga tumbo. Nikishafika nitapika chungu kikubwa, nitagonga milango ya majirani zake, nitawaambia humu ndani kuna mzazi, njooni. Lugha yao siijui, lakini kikombe cha uji mtu akipewa anapokea. Kama wapimaji watafika na kule, waniulize tena nakula na nani.

Basi lala, mume wangu. Arobaini ikiisha na Aziza akapata nguvu, nitarudi, na mtoto nitamleta akuone, nikipewa uhai. Nikifia kule, Shabani ameapa mbele yangu kwamba nitaletwa kwako. Sogea kidogo, niachie upande wa ukutani. Usinune nikichelewa, kuna mtoto wa kuogesha.

Mama Aziza wako