Kicheko cha Mama Ukumbini

Chumba cha juu, nyuma ya duka la dobi
Jumapili, alasiri

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitini na si kitandani, maana wifi aliniambia kwenye simu kwamba maumivu ya mgongo yamekurudia. Ile dawa ya kuchua inasaidia? Na macho ya wifi je? Mwambie aache kushona jioni, na umwambie nimesema mimi, kwa sababu wewe hakusikilizi. Mimi mwili ungali mzima. Magoti yananilalamikia kwa kusimama na pasi kutwa, lakini hayo si ya kumwandikia mtu barua.

Kaka, nyumba yangu imebomoka. Mkwe wetu muuguzi amemchukua mjukuu wangu Kijino na kurudi kwa mama yake, na mpwa wako, yule mwanangu fundi umeme, amewafuata. Aliyewafukuza ni mimi, kwa kicheko. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo unigombeze.

Unajua ngozi ya mkwe wetu ni nyeusi kuliko yetu sote, na kwao ni wale watu ambao huku huulizwa wanatafuta nini hata kabla hawajamaliza kuingia dukani. Unajua pia yaliyosemwa siku ya posa, na waliosema ni ndugu zetu wa damu. Mimi nilimfungulia mlango. Sare zake za kazi nazipiga pasi mwenyewe, simwachii msichana wa mashine ya kufulia. Ananiita mama, na si kwa adabu tu.

Sasa hospitalini kwao walileta filamu ya ubaguzi wa rangi, ionyeshwe kwenye ukumbi wa wafanyakazi, kisha watazamaji waijadili. Mkwe akatualika. Kijino tulimwacha kwa jirani, tukaenda watatu, mimi nimekaa katikati nimemshika mkwe mkono. Filamu yenyewe ina watu wengi, kila mmoja na mkasa wake: polisi, mwenye duka, dereva wa lori, bibi kizee tajiri, muuguzi mweusi. Mwanzoni nilikuwa namuuliza mwanangu huyu ni nani na yule ni nani, mpaka akanikanyaga mguu ninyamaze.

Ikafika pahali muuguzi anamshika bibi kizee mkono ampime presha. Bibi anauvuta mkono, anatoa leso, anajifuta pale aliposhikwa, taratibu, kama mtu aliyemwagikiwa chai. Muuguzi anakwenda kunawa. Ananawa, anapaka sabuni tena, ananawa tena, mpaka maji yanafurika sinkini. Hapo nikamkumbuka mkwe wangu, jinsi anavyorudi kazini na kuingia bafuni kabla ya kumbeba mwanawe, na huko hukawia sana. Miaka yote nilidhani ni usafi wa kiuguzi. Na kile kitu cha marehemu mama kikanipanda.

Nikacheka. Unakijua, kaka. Kile kikali, cha juu, ambacho mtu hawezi kukishika. Ukumbi ulikuwa kimya, na mara nyuma yangu akacheka mmoja, kisha safu nzima, na hao walikuwa wanacheka kwa kucheka kweli. Nadhani walikuwa wanangoja mtu wa kuwatangulia, na aliyewatangulia ni mama mkwe wa muuguzi. Mkwe hakugeuka. Aliutoa tu mkono wake mkononi mwangu.

Taa zilipowashwa, msimamizi, bwana mmoja mwenye tabasamu la muuza bima, akaanza kuzungusha kipaza sauti. Mwalimu mmoja mstaafu akasema mambo hayo yalikwisha zamani, wanaoyafufua ni watengeneza filamu. Mama mweusi anayefagia wodi akasema yeye hakuona filamu yoyote, aliona zamu yake ya jana. Kisha msimamizi akanijia mimi. "Mama, wewe ulicheka pale kwenye sinki. Hebu tuambie, uliona nini?" Nilitaka kusema nilimwona mkwe wangu, naye ni mwanangu. Nikafungua kinywa, kikatoka kicheko tena, safari hii kwenye spika za ukumbi mzima.

Nyumbani mkwe hakupandisha sauti. Alifunga nguo za mtoto akasema, "Mama, bora wale wa siku ya posa. Wale niliwajua."

Nilimweleza mwanangu kwamba hicho ni kicheko cha bibi yake, kwamba kwetu wengine huzuni huwatokea hivyo. Akaniambia, "Watu wakiumia wanalia, mama. Usinifanye mtoto mdogo." Nitamlaumu vipi? Bibi yake alikufa yeye hajazaliwa. Na siku ya kumzika mume wangu niliuma mtandio mpaka ukatoboka, nisije nikaaibisha msiba, halafu nikajiona shujaa. Heri ningecheka siku ile mbele ya wote, leo wangenielewa.

Nikapiga moyo konde nikawafuata kwa mama wa mkwe. Mkwe mwenyewe akafungua mlango, amekonda uso, na nilipouona tu ule uso kicheko kikaanza. Nikageuka, nikashuka ngazi mbio nimeziba kinywa kwa viganja vyote viwili. Mama yake alikuwa dirishani. Alichokiona ni mwanamke mzima wa umri wangu anakimbia huku mabega yanamtikisika kwa kicheko. Kwa kweli hata mimi ningefunga mlango.

Sina usingizi, kaka, na chakula nakila kama dawa. Juzi nimeunguza kola ya koti la daktari, mimi ambaye wenzangu huniletea hariri zao. Wananiuliza kama ile filamu ilikuwa nzuri.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni la jana. Mwanangu alikuja kuchukua sare za mkewe. Hakukaa. Akiwa mlangoni akaniambia Kijino alianguka shuleni akapasuka kidevu, wakampeleka kwenye wodi ya mama yake akashonwe. Mama yake alikuwa amemshika kichwa. Ganzi haikushika vizuri, na sindano ilipoingia mtoto akacheka. Akaambiwa anyamaze, akazidi. Mama yake akamwachia kichwa, akatoka nje. Mwanangu akaniuliza, "Umemfundisha kumcheka mama yake?" Nikaziba kinywa kwa kiganja, na unajua kwa nini.

Kwa hiyo anacho. Mtoto wa miaka sita yuko peke yake na kicheko chetu, katika nyumba ambayo hakuna anayekijua, na kila akiumia watamgombeza. Mimi waniache, nimekwisha kula chumvi nyingi. Yeye wasimwache.

Umebaki wewe tu. Nakusihi umpigie simu mkwe, au umwandikie, lakini usichelewe. Mweleze siku ya maziko ya baba, mama alivyocheka mpaka wachimba kaburi wakasimamisha majembe, na shangazi akamfunika uso kwa aibu. Mweleze na wewe mwenyewe, siku uliyoanguka kutoka paani ukavunjika mkono, ukacheka, baba akakuchapa kibao kwa utovu wa adabu na mkono umening'inia. Atakuamini. Wewe hujawahi kunisemea uongo hata nilipokuomba.

Mama hakukunyamazisha siku ile. Alikaa chini kwenye vumbi, akakushika ule mkono usiovunjika mpaka kicheko kikaisha na machozi yakaja. Mwambie mkwe hivyo. Mtoto akicheka hivyo asimwachie. Amshike mkono tu, kitapita.

Nisalimie wifi, na binti yako mshonaji, na yule kitinda mimba wako asiyejua hata kuandika salamu kwa shangazi yake. Mungu awatunze, auponye mgongo wako, na akupe maneno, maana mimi yangu hayatoki.

Samahani kwa mwandiko, karatasi imelowa. Jirani amegonga ukuta sasa hivi, anauliza humu ndani kuna sherehe gani.

Ni mimi dada yako akupendaye, na asiye na mwingine wa kumlilia,

Mama wa Pasi