Kadi Mpya ya Seva ya Zahanati

Mzee Masanja,

Shikamoo, baba. Ndiyo mara ya kwanza nakusalimia nisisikie "marahaba, Mama Kulwa, umeshapiga deki?" Chumba cha seva sasa hivi ni feni tu zinazosikika. Kiti chako hakuna aliyekikalia tangu tukuzike.

Nakuandikia kwa sababu juzi nimefanya kazi yako, na hapa Kahama sina mwingine wa kumweleza akaelewa.

Kadi ya seva moja ya zahanati ilikufa, ile inayopokea waya wa fiba kutoka kabati la diski. Unazijua seva zile mbili. Mwenzake akabaki anabeba mafaili ya wagonjwa wote wa mgodi peke yake. Naye angeanguka, daktari angebaki na kalamu. Meneja akaniambia, "Jaribu. Ukishindwa naita mtu wa Mwanza, wewe urudi kwenye deki." Hakusema kwa ubaya. Ila niliwafikiria wanangu, Kulwa na Doto, nikakosa pa kushika.

Nikazima seva, nikachomoa kadi mbovu, nikapachika mpya, nikawasha. Haioni diski hata moja. Nikabadili waya, haioni. Jasho likanitoka na kiyoyozi chote kile. Meneja mlangoni: "Si ufungue zoni zote kwenye swichi, kila seva ione kila diski, tumalize?"

Baba, nusura nifungue.

Nikakumbuka ulivyonichorea zoni kwenye boksi la swichi: ng'ombe wa kaya mbili, kila kaya na njia yake ya kwenda lambo kunywa maji. "Ukitoa fensi, Mama Kulwa, jioni mnapigana fimbo." Seva ya zahanati ikiziona diski za maabara, zile za sampuli za mawe, inaweza kudhani ni tupu ikaandika juu yake. Na ulisema kila kadi inazaliwa na namba yake. Ukibadili kadi, zoni bado inamsubiri marehemu.

Ndicho nilichosahau. Nikakaa sakafuni, nikacheka kidogo, nikalia kidogo.

Halafu nikaisoma namba ya kadi mpya kwa sauti, tarakimu mbili mbili, kidole kwenye karatasi, kama ulivyonilazimisha nami nikadhani unanidharau kwa kuwa niliishia kidato cha pili. Nikaiweka kwenye zoni, nikafuta ile ya zamani, nikaisajili na kwenye kabati la diski. Nikawasha upya. Diski zikaja, zake tu.

Meneja akasema "haya," akaondoka. Si unamjua.

Sikuwahi kukushukuru sawasawa. Nilidhani muda upo. Wengine walikuwa wanaruka maji yangu ya deki wanapita, wewe ukaniuliza kama naweza kusoma maandishi madogo, maana macho yako yamechoka. Ukanipa tochi. Sasa nafikiri macho yako hayakuwa yamechoka kiasi hicho. Wabeja sana, baba, asante.

Wiki ijayo nakwenda Geita, kuna seva sita mpya hazijapangiwa zoni. Wamesema niende mimi. Watoto watabaki na mama yangu. Nakuahidi sitamfungulia mtu zoni zote, hata anisimamie mlangoni na cheo chake. Nitasoma namba moja moja mpaka ziishe.

Pumzika, mzee wangu. Kazi inaendelea, na tochi yako nakwenda nayo.

Mwanao,
Mama Kulwa